Tazama Ulipojikwaa: Seva Inapokataa Sasisho

Ijumaa moja ya mwezi Julai mwaka 2023, yapata saa 3 usiku, seva ya idara ninayofundisha iliwashwa upya, nayo haikuamka. Kwenye kioo chake palibaki mistari michache ya maandishi meupe, wa mwisho ukieleza kwamba kiini cha mfumo kimeshindwa kuuona mzizi wa diski na kwa hiyo kimesimama. Ndani ya diski hiyo zilikuwamo alama za mitihani za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambazo zilipaswa kufikishwa mbele ya bodi ya mitihani asubuhi ya Jumatatu. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa na umri wa majuma matatu. Alama zilizoingizwa baada ya hapo hazikuwa mahali pengine ila katika karatasi za mitihani, na baadhi ya wahadhiri waliozisahihisha walikwisha kusafiri.

Fundi wetu, kijana hodari na mwenye bidii, alikuwa amekwisha kukata shauri. "Mwalimu," aliniambia, "tuufute mfumo wote tuusimike upya. Ni kazi ya saa mbili tu."

"Na alama je, ndugu yangu?" nikamwuliza.

Akanyamaza. Nami nilinyamaza, maana sehemu ya kosa, kama msomaji atakavyoona, ilikuwa yangu.

Wahenga walituasa tusitazame tulipoangukia, bali tutazame tulipojikwaa. Sijui kama kuna kanuni ya ufundi wa kompyuta inayoweza kusemwa kwa ufupi kuliko hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi pale sasisho la mfumo wa seva linaposhindwa, na kwa nini mwanafunzi wa sayansi, hata asiyetarajia kuwa fundi, anaweza kufaidika kwa kuijua.

SEVA NA MFUMO WAKE

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Yaweza kutunza alama za wanafunzi, barua za ofisi, ama kumbukumbu za wagonjwa. Kwa kuwa wengi huitegemea, aghalabu huachwa ikifanya kazi usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi.

Kati ya vyuma vya kompyuta na programu za watumiaji kuna mfumo endeshi. Mfumo huo ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma na kuandika diski, na unaoamua ni programu ipi itumie kichakato na kwa muda gani. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Seva nyingi duniani hutumia mifumo iliyojengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikitangaza kwa mara ya kwanza mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Mojawapo ya mifumo hiyo ni Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, nao umezaa mifumo mingine mingi. Seva yetu ilikuwa ya ukoo huo, na maelezo yatakayofuata yanauhusu, ingawa hoja zenyewe zinafaa kwa mfumo wowote.

KWA NINI TUSASISHE?

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa mashine inafanya kazi vizuri, kuna haja gani ya kuigusa? Swali hilo lina haki, na jibu lake lilipatikana kwa gharama kubwa mwaka 2017.

Tarehe 14 Machi mwaka huo, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa wa usalama katika mfumo wake wa Windows. Tarehe 12 Mei, yaani siku 59 baadaye, programu haribifu iliyopewa jina la WannaCry ilianza kusambaa duniani kwa kupitia ufa uleule. Iliyafunga mafaili ya watu kwa maandishi ya siri na kudai malipo. Polisi wa Umoja wa Ulaya walikadiria kuwa ilizifikia nchi 150 hivi. Katika England peke yake, angalau asasi 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali na huduma nyingine za afya ya umma ziliathirika, na maelfu ya wagonjwa wakaahirishiwa miadi yao. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili, lakini mashine nyingi zilikuwa hazijainywa.

Basi kusasisha ni wajibu. Hata hivyo, sasisho hubadilisha vitu vilivyo chini kabisa ya mfumo, na jambo likienda kombo huko chini, vyote vilivyo juu huyumba. Mtunzaji wa seva hana budi kuzijua hatari zote mbili, ya kusasisha na ya kutosasisha.

HATUA TANO ZA SASISHO

Mfano utatusaidia. Tuseme familia inataka kuezeka upya nyumba ya makuti huku ikiendelea kuishi ndani yake. Haiwezi kuangusha paa zima kwa siku moja. Huleta makuti mapya, huyakagua, huondoa safu moja ya zamani, huweka mpya na kuifunga, kisha huendelea na safu ya pili. Mvua ikinyesha kazi ikiwa nusu, kuna sehemu iliyo wazi.

Mfumo wa ukoo wa Debian hufanya vivyo hivyo. Programu zake zimefungwa katika vifurushi, na kila sasisho hupita hatua tano. Kwanza, seva huleta kutoka kwenye mtandao orodha ya vifurushi vilivyopo. Pili, huihakiki orodha hiyo kwa sahihi ya kidijitali na kwa tarehe yake. Tatu, huleta vifurushi vinavyohitajika na kuvilinganisha na orodha, ili kuhakikisha kwamba hakuna aliyevichezea njiani. Nne, huvifungua na kuyaweka mafaili mapya mahali pa ya zamani. Tano, huvisanidi, yaani huvirekebisha vilingane na mashine hiyo na kuvianzisha.

Sehemu kubwa ya hatua hizi huandikwa katika daftari. Matendo huwekwa pamoja na saa zake, na makosa pia, katika mafaili yaliyo ndani ya saraka ya /var/log. Daftari hili haliandikwi kwa ajili ya mapambo. Ni shahidi asiyechoka wala kusahau, na asiyemwonea mtu haya.

Tatizo ni kwamba makosa huja kwa mnyororo. Kifurushi kimoja kikishindwa, vinavyokitegemea navyo hushindwa, na kila kimoja huandika malalamiko yake. Mtu atazamaye mwisho wa kioo huona lalamiko la mwisho, ambalo ni pale mashine ilipoangukia. Pale ilipojikwaa pamo kurasa kadhaa juu.

KOSA LA KWANZA: SAA ILIYORUDI NYUMA

Sasa turejee kwenye seva yetu. Jumatano ya juma lile umeme ulikatika katika jengo letu kwa muda mrefu kuliko uwezo wa betri za akiba, nayo seva ikazimika. Asubuhi iliwashwa, na kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Ijumaa alasiri fundi alianza sasisho la usalama. Likakataa. Mstari wa mwisho ulisema kwamba baadhi ya orodha hazikuweza kupatikana na kwamba zilizopo ni za zamani.

Kijana akahukumu kuwa mtandao ni mbovu. Alibadilisha waya, akawapigia simu wahusika wa mtandao, akarudia amri ileile mara kadhaa. Saa mbili zikapita. Hatimaye akaniita.

Tulilifungua daftari na kupanda juu mpaka kwenye lalamiko la kwanza. Hilo halikutaja mtandao hata kidogo. Lilisema kwamba orodha iliyoletwa bado haijaanza kuwa halali, na kwamba ingekuwa halali baada ya siku zaidi ya elfu moja! Tulipoandika amri ya date, ambayo huonyesha tarehe na saa, seva ilituonyesha tarehe ya zaidi ya miaka 3 iliyokuwa imepita.

Sababu ilikuwa ndogo, kwa maana halisi ya neno hilo. Ndani ya kila kompyuta ya aina hii mna betri ya duara mfano wa sarafu, yenye nguvu ya volti 3, ambayo kazi yake mojawapo ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Aina itumikayo sana ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ya kwetu ilikuwa imekwisha nguvu. Muda wote umeme ulipokuwapo hapakuwa na dalili yoyote. Ulipokatika, saa ikapoteza kumbukumbu. Huduma ya kurekebisha saa kwa njia ya mtandao ingeweza kutuokoa, lakini hatukuwa tumeiwasha.

Kwa nini seva ikatae orodha kwa sababu ya tarehe? Kwa sababu tarehe ni sehemu ya ulinzi. Mtu mwovu anaweza kukuletea orodha ya kale, yenye sahihi ya kweli kabisa, ili mashine yako isijue kwamba masasisho mapya yapo. Kwa hiyo mfumo huuliza maswali mawili: sahihi hii ni ya kweli? na tarehe hii inaingia akilini? Seva iliyoamini kuwa ipo miaka 3 nyuma ilipewa barua iliyoandikwa wakati ambao kwake ulikuwa haujafika, ikaitilia shaka. Mashine ilitumia akili njema juu ya habari potofu.

Tuliirekebisha saa, orodha zikaja, vifurushi vikaanza kuletwa. Nikamwaga fundi nikaenda nyumbani, nikidhani kazi imekwisha. Hapo ndipo nilipokosea. Kosa moja likipatikana, mtu hujisahau na kudhani lilikuwa peke yake.

KOSA LA PILI: CHUMBA KILICHOJAA

Baada ya mimi kuondoka, sasisho lilifika kwenye kiini kipya. Hapa inafaa tueleze jinsi kompyuta inavyoamka.

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo ya kuamshia hukipakia kiini katika kumbukumbu. Lakini kiini kinahitaji kuisoma diski ili kiendelee, na programu za kuiendesha diski ya aina ile huenda zimo ndani ya diski yenyewe. Ni sawa na mtu aliyefungia ufunguo ndani ya chumba. Ili kulitatua hilo, kila kiini huandaliwa mkoba wake: faili moja lililosheheni vifaa vya lazima, ambalo hupakiwa pamoja na kiini. Mkoba huo ndio ufunguo wa akiba alioachiwa mlinzi wa mlangoni.

Kiini na mkoba wake hukaa katika sehemu maalumu ya diski iitwayo /boot. Tuiite chumba cha kuamshia. Katika seva yetu chumba hicho kilitengewa megabaiti 250 tu siku mfumo uliposimikwa. Kila kiini kilichukua takriban megabaiti 10, na mkoba wake megabaiti 65, jumla 75. Ndani mlikuwa na viini vitatu vya zamani pamoja na mikoba yake. Mwanafunzi na apige hesabu: 75 mara 3 ni 225, na nafasi iliyobaki ni megabaiti 25. Kiini kipya cha megabaiti 10 kiliingia bila shida, zikabaki 15. Mkoba wake wa megabaiti 65 haukuingia.

Kwa hiyo kiini kipya kilikuwapo, lakini hakikuwa na ufunguo.

Daftari liliandika wazi kwamba nafasi imekwisha. Fundi aliuona ujumbe huo, akaangalia diski, akakuta zimebaki gigabaiti zaidi ya 300, akaamua kwamba ujumbe ni wa uongo. Hakukumbuka kuwa diski moja yaweza kugawanywa vyumba, na chumba kimoja kikajaa huku kingine kitupu. Ghala kubwa halimsaidii mtu ambaye kibaba chake kimejaa. Alirudia amri mara tatu. Kisha, kwa nia njema, akaiagiza seva iandike upya orodha ya viini vya kuamshia. Orodha ikakiweka kiini kipya juu kabisa kama chaguo la kwanza. Halafu akaiwasha upya.

Msomaji aangalie vyema hatua hiyo ya mwisho. Kabla ya kuwashwa upya, seva ilikuwa bado inaendeshwa na kiini cha zamani kilichokuwa salama katika kumbukumbu. Wahadhiri wangeweza kuingiza alama bila kujua lolote. Kuwasha upya ndiko kulikoigeuza hitilafu kuwa msiba. Wengi wetu tumezoea kwamba kompyuta ikisumbua huzimwa na kuwashwa. Dawa hiyo hufaa mara nyingi, lakini katikati ya sasisho lililokwama haifai, kwa kuwa humwondoa mgonjwa mahali anapopumua kabla ya kujua kama huko aendako kuna hewa.

KUAMKA KWA NJIA YA ZAMANI

Nilipofika saa 3 usiku, jambo la kwanza tulilofanya ni kutoigusa seva kwa dakika kumi. Tuliandika kwenye karatasi kila tulichokijua: ni nini kilibadilika tangu mara ya mwisho seva ilipoamka salama? Kilichobadilika ni kiini. Je, kiini cha zamani kimefutwa? Hapana. Basi njia ya zamani ingali ipo.

Programu ya kuamshia ya GRUB huonyesha orodha ya viini kwa sekunde chache wakati wa kuwaka. Tuliisimamisha hapo, tukateremka hadi kwenye kiini kilichotangulia, tukakichagua. Seva ikaamka.

Fundi alitaka kuanza kurekebisha papo hapo. Nikamzuia. Kwanza tulizinakili alama zote katika diski ya nje, tukaichomoa na kuiweka kando. Kuanzia hapo kosa lolote ambalo tungelifanya lingetugharimu usingizi tu, lisingemgharimu mwanafunzi shahada yake.

Ndipo tukatumia amri ya df -h, inayoonyesha kila chumba cha diski na nafasi iliyobaki. Chumba cha kuamshia kilikuwa karibu kujaa. Kwa amri ya uname -r tulithibitisha ni kiini kipi kilichokuwa kikiiendesha seva wakati ule, ili tusije tukakata tawi tulilokalia. Tukakiondoa kiini cha kale kuliko vyote. Hatukulifuta faili kwa mkono, bali tulitumia msimamizi wa vifurushi, ili kumbukumbu zake zibaki sawa na hali halisi ya diski. Nafasi ikawa megabaiti 90. Tukaiagiza seva, kwa amri ya dpkg --configure -a, imalizie kusanidi vifurushi vyote vilivyoachwa nusu. Mkoba ukaundwa, orodha ikaandikwa. Tulihakikisha kwa macho kwamba mkoba upo chumbani, ndipo tukaiwasha upya. Ikaamka kwa kiini kipya saa 6 na robo usiku. Jumatatu asubuhi alama zilikuwa mezani kwa bodi.

SOMO KUTOKA SAYARI YA MIRIHI

Asidhani msomaji kwamba mikasa ya namna hii huwapata mafundi wa vyuo vyetu tu. Tarehe 4 Januari 2004 chombo cha Marekani kiitwacho Spirit kilitua katika sayari ya Mirihi. Tarehe 21 mwezi uleule kikaacha kuzungumza na dunia kwa njia ya kawaida. Wahandisi waligundua kwamba kilikuwa kikijizima na kujiwasha tena na tena, zaidi ya mara 60.

Chanzo kilikuwa wingi wa mafaili katika hifadhi yake ya kudumu. Kila kilipoamka kilijaribu kuisoma orodha ya mafaili yote, kumbukumbu ikakitosha kidogo kuliko hitaji, kikaanguka, kikaamka, kikajaribu tena. Programu ndogo ya kufuta mafaili yasiyohitajika ilikuwa imetumwa siku chache kabla, lakini sehemu yake moja haikufika.

Hapakuwa na mtu wa kwenda kubonyeza kitufe. Wahandisi walikiamuru chombo kiamke bila kuitumia hifadhi hiyo kabisa, yaani kiamke kwa kuikwepa sehemu iliyoshukiwa. Kikaamka, kikasafishwa, kikarudi kazini. Chombo hicho kilichokusudiwa kufanya kazi siku 90 za Mirihi kiliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010. Kilichokiokoa ni kwamba waliokiunda walikuwa wamekiwekea njia ya pili ya kuamka kabla hakijaondoka duniani.

SABABU NYINGINE ZA KAWAIDA

Mbali na saa na nafasi, kuna sababu nyingine ambazo mtunzaji wa seva hukutana nazo mara kwa mara.

Ya kwanza ni mafaili madogo kupita kiasi. Katika mifumo mingi ya kutunza mafaili, diski huwa na idadi maalumu ya mafaili inayoweza kuyaorodhesha. Idadi hiyo ikiisha, diski hudai kuwa imejaa ingawa ina nafasi tele. Amri ya df -i huidhihirisha hali hiyo.

Ya pili ni kufuli. Wasimamizi wawili wa vifurushi hawaruhusiwi kufanya kazi kwa pamoja, hivyo wa kwanza huweka kufuli. Mara nyingi mwenye kufuli ni sasisho la kujiendesha lenyewe lililoanza bila wewe kujua. Wako wanaolivunja kufuli kwa kufuta faili lake. Huko ni kuwaruhusu waezekaji wawili wapande paa moja bila kuonana. Subiri, au mtafute mwenye kufuli.

Ya tatu ni kukatizwa. Umeme ukikatika kati ya kufungua na kusanidi, vifurushi hubaki nusu. Kwa bahati njema mfumo hukumbuka kila kifurushi kilifikia hatua gani, na amri niliyoitaja ya kumalizia usanidi aghalabu hutosha.

Ya nne ni mgongano wa mahitaji. Kifurushi kimoja kinataka toleo jipya la kingine, ilhali cha tatu kinashikilia toleo la zamani. Hapa soma kwa makini majina yanayotajwa kwanza, na uchunguze kama kuna kifurushi kilicholetwa kutoka nje ya hazina rasmi za mfumo wako.

KINGA

Tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma kwa wateja wake duniani faili jipya la programu yake ya ulinzi. Halikuwa sasisho la mfumo endeshi wenyewe, lakini programu hiyo hufanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Sehemu moja ya programu ilitazamia thamani 21, nyingine ikatoa 20. Ilipotafutwa ile ya 21, mashine zikaanguka. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikwisha kuathirika. Safari za ndege zilifutwa na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Nyingi ya mashine hizo ilibidi ziamshwe kwa hali ya usalama, kisha faili moja lifutwe kwa mkono wa mtu aliyesimama mbele yake.

Hitilafu ilikuwa ya namba moja tu. Msiba ulikuwa mkubwa kwa sababu faili lilipelekwa kwa wote kwa mara moja. Angepewa mmoja kwanza, halafu kumi, halafu mia, kosa lingejulikana mapema. Mpishi huonja mchuzi kabla ya kuupakua.

Kwa mwalimu anayetunza kompyuta za shule, au mwanafunzi anayemsaidia, mambo yafuatayo yatafaa:

1. Weka nakala ya akiba kabla ya sasisho, na ujaribu kuirejesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

2. Kagua tarehe, nafasi ya kila chumba cha diski, na hali ya umeme kabla ya kuanza.

3. Sasisha mashine moja isiyo muhimu kwanza, uitazame siku mbili tatu.

4. Likishindwa, usirudie amri kabla ya kulisoma daftari. Tafuta lalamiko la kwanza.

5. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, na uandike ulilobadili.

6. Usiwashe upya mpaka ujue seva itaamka kwa kitu gani, na kwamba kitu hicho kimekamilika.

Fundi wetu hakufukuzwa wala kukaripiwa. Jumatatu ile alikwenda dukani akanunua betri, akaibadilisha, akaiwasha huduma ya saa, kisha akaandika kurasa mbili za maelezo ya yote yaliyotokea, pamoja na makosa yake na yangu. Kurasa hizo zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva. Mwaka uliofuata umeme ulipokatika tena, aliyekuwapo zamu alikuwa mgeni wa kazi. Alizisoma, akaangalia tarehe kwanza, akaendelea na shughuli zake.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Chumba cha kuamshia kina megabaiti 500. Kila kiini huchukua megabaiti 12, na mkoba wake megabaiti 80. Ni viini vingapi, pamoja na mikoba yake, vinaweza kukaa humo? Baada ya hapo, je, kiini kimoja zaidi kitaingia bila mkoba wake?

2. Eleza kwa nini betri iliyokwisha nguvu inaweza kukaa miezi mingi bila kuonyesha dalili yoyote.

3. Seva imekataa sasisho, na mstari wa mwisho unalaumu mtandao. Taja mambo matatu utakayoyachunguza kabla ya kugusa waya, na ueleze kwa nini umeyapanga kwa utaratibu huo.

4. Kama shule yako ina kompyuta kuukuu isiyo na kitu cha thamani ndani yake, mwombe mwalimu mwisimike mfumo wa Linux, kisha irudisheni saa nyuma makusudi na mjaribu kusasisha. Andikeni lalamiko la kwanza na la mwisho, mkalinganishe.